Nguzo za Shella Zimebeba Nini?

Kitendawili!

Tega.

Nyumba yangu kubwa, nguzo yake moja tu.

Najua mmeshajibu: uyoga. Kitendawili hiki ni cha zamani, nacho kinaeleza nguzo ni nini kabla mtu hajafungua kamusi. Uyoga una paa, na chini ya paa hilo mna kikonyo kimoja kinachobeba yote. Kikate kikonyo, paa liko chini. Basi nguzo ni kitu kilichosimama kikabeba, na kikiondoka, kilichoko juu hakina pa kukaa.

Shuleni mwalimu wa Kiingereza huwaandikia ubaoni kwamba nguzo ni "pillar", mkanakili, kengele ikalia, mkatoka. Lakini mtoto wa Shella haachwi na neno hilo hata akitoka darasani. Kando ya Msikiti wa Jumaa pana makaburi ambayo vitabu vya Kiingereza huyaita "pillar tombs". Fuata ufuo kwenda kusini mpaka rasini, utakuta ile "Vasco da Gama Pillar" ambayo wageni huipiga picha kutwa. Na jumba la makumbusho ya Malindi, lililoelekea bahari, jina lake ni "House of Columns". Waingereza wana maneno mawili hapo, sisi tuna moja: zote ni nguzo. Sasa tazameni vizuri. Nguzo za jumba zina ghorofa juu yake, kazi yake inaonekana. Ile ya kaburini haina paa. Ile ya rasini haina paa. Zimebeba nini?

Swali hilo ndilo tutakalotembea nalo. Na nikisema Shella nakusudia Shella ya Malindi, mji wa kale wenye vichochoro vinavyoteremkia ghubani. Si Shela ya Lamu, ingawa huko nako tutapita karibu.

Tuanze na nguzo inayofanya kazi ya nguzo. Ukienda kwa muuza miti ya mikoko ukamwambia "nipe mti", atakuuliza mti gani, maana miti yake imepangwa kwa unene na kila unene una jina lake. Myembamba kabisa ni fito. Unaofuata ni pau. Kisha mazio, kisha boriti, na ukivuka unene wa sentimita 14 hivi kutoka upande mmoja hadi wa pili, hapo ndipo unapoitwa nguzo. Fito hufungwa ukutani kabla ya kukandika udongo. Boriti hulazwa juu kubeba dari. Nguzo huchimbiwa shimo ikasimama. Mti ni uleule wa mkoko, wa Mida au wa Lamu, ila jina unalipata kwa uzito unaoweza kuubeba. Ndiyo maana hata vyumba vya nyumba za mawe za kale ni virefu lakini vyembamba: boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana bila kupinda, kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi mita tatu hivi. Fundi aliyetaka ukumbi mpana alikuwa hana budi kusimamisha nguzo katikati.

Nyumba ya Nguzo hapo Malindi ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Imewahi kuwa hospitali, imewahi kuwa ofisi ya serikali, na tangu mwaka 2004 ni makumbusho. Mkisimama mbele yake mtaziona nguzo nene zimepangwa safu, zimebeba roshani na ghorofa. Mjue pia kwamba Malindi ya zama hizo ilikuwa mji wa mashamba. Mtama na ufuta wake ulisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Kwa hiyo mkiuliza majumba makubwa ya karne ile yalibebwa na nini, jibu la fundi ni mawe na chokaa, lakini jibu la kweli kamili lina mabega ya watu ndani yake, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mimi naona jibu hili la pili lina haki ya kusemwa kila mtu anapozisifu nguzo zile.

Kutoka kwenye nyumba, neno limehamia kwa watu na kwa mambo. Madrasa mmefundishwa nguzo tano za Uislamu: shahada, swala, zaka, saumu na hija. Mzazi akiwa ndiye tegemeo la nyumba twasema huyo ndiye nguzo, na siku akifariki, watu wa matanga hawasemi mengi, husema nguzo imeanguka. Serikali ya Kenya ilipoandika Ruwaza ya 2030 iliisimamisha juu ya nguzo tatu, ya uchumi, ya jamii na ya siasa. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo, humwita mtu mwema anayetegemewa na mtaa mzima "pillar" wa jamii yake. Ila wana msemo mmoja unaowatatiza wanafunzi wetu, wa mtu kupelekwa "from pillar to post". Wenyewe hutaja nguzo mbili, sisi hatutaji hata moja. Yule anayezungushwa ofisi hii hadi ile akitafuta cheti cha kuzaliwa, sisi twasema amepigwa danadana. Msijaribu kuusema msemo wao kwa Kiswahili neno kwa neno, hakuna atakayewaelewa.

Haya, sasa twendeni makaburini, na tuingie kwa adabu. Piga hodi kwa mwangalizi, toa salamu kwa waliolala, usipande juu ya ukuta.

Hapo kando ya Msikiti wa Jumaa pana nguzo mbili, moja ndefu na moja fupi. Ile ndefu ndiyo ya kale zaidi. Imekuwepo kwa zaidi ya karne tano. Imejengwa kwa matumbawe, yaani mawe ya baharini, yakaunganishwa kwa chokaa kisha ikapigwa lipu. Chokaa hiyo nayo ni matumbawe: huchomwa kwa kuni mpaka yakawa meupe na mepesi, yakamwagiwa maji, yakalainika. Kwa hiyo nguzo nzima, jiwe lake na gundi yake, imetoka bahari hiyohiyo inayosikika ukisimama pale. Mlalo wa kaburi umezungushiwa ukuta mfupi, na nguzo imesimama upande wa kichwani, imeelekea juu, haijabeba chochote ambacho jicho linakiona.

Makaburi ya namna hii hayajengwi Arabuni, wala Uajemi, wala India. Ni ya pwani yetu peke yake, kuanzia kusini mwa Somalia hadi Tanzania. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mtakutana na watu watakaowaambia kila kitu kizuri cha pwani kililetwa na mgeni. Gedi, nusu saa tu kwa gari kutoka Malindi, pana kaburi la nguzo iliyochongwa mifuo mifuo kutoka juu hadi chini, na jirani yake pana kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Kilifi, juu ya jabali la kivuko cha zamani, pana Mnarani, na jina lenyewe lina mnara ndani yake. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya ile Shela ya Lamu, pana kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijra, yaani miaka ya 1680, na watu wa Shela na Lamu huvuka kwa mashua kwenda kuomba dua hapo mpaka leo. Kaole karibu na Bagamoyo yapo. Tongoni karibu na Tanga yapo mengi. Na Mambrui, mwendo mfupi kaskazini mwa Malindi, palikuwa na moja iliyopambwa mabakuli ya Kichina.

Hayo mabakuli nataka tuyatazame kwa karibu. Fundi alipokuwa akijenga, kabla chokaa haijakauka, alilibandika bakuli la kauri ndani ya ukuta, mdomo ukiangalia nje, likakaa pale kama jicho. Kauri ile ilichomwa China, ikapakiwa merikebuni, ikavuka Bahari ya Hindi kwa pepo za kaskazi, ikafika ghubani kwetu. Ilikuwa mali ya kuliwa chakula cha wageni wa heshima. Na watu wakaamua kuitoa mezani wakaiweka kaburini, isitumike tena. Mtu hafanyi hivyo kwa maiti asiyemjali. Nguzo ya Mambrui ilianguka mwaka 1934, na vipande vyake vikabaki pale pale chini, na alama za mabakuli ukiziona unazitambua. Malindi na China zilijuana kwa zaidi ya biashara, maana mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, na miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani hii.

Wataalamu hawajakubaliana kwa nini wazee wetu walisimamisha nguzo juu ya kaburi. Wengine huiona ni alama ya cheo, wengine ya ukoo. Mimi nikiulizwa zimebeba nini, husema zimebeba mtu: kwamba alikuwepo, kwamba alikuwa mkubwa kwa watu wake, na kwamba waliobaki walitaka hata nahodha aliye mbali baharini ayaone makao yake. Hapo neno nguzo limeongeza maana. Kuna nguzo ya kubeba paa na kuna nguzo ya kubeba kumbukumbu, na ya pili ikiondolewa nayo pia kuna kitu kitaanguka, ingawa hakipigi kishindo.

Sasa ile ya rasini. Hii ina hadithi ndefu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Kireno zilitia nanga Malindi. Nahodha wao, Vasco da Gama, alikuwa ametoka Mombasa, ambako waliachana kwa ugomvi. Mfalme wa Malindi na mfalme wa Mombasa walikuwa mahasimu wa siku nyingi. Kwa hiyo aliyefukuzwa kule, huku alikaribishwa: adui wa adui yangu aingie ndani. Mreno mmoja wa msafara huo aliandika kila walichokiona, na maandishi yake yapo hadi leo. Anaeleza mfalme alivyokuja kwa mashua kukutana na wageni baharini, amevaa joho la thamani, amekaa juu ya viti vya shaba vyenye mito, amefunikwa mwavuli mwekundu. Wapigaji ngoma na tarumbeta walikuwepo, na kulikuwa na pembe mbili za ndovu, ndefu sawa na mtu, zilizochongwa nakshi, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Nyinyi watoto wa pwani mmeshazitambua: siwa. Mgeni hakujua jina lake, lakini aliieleza sawasawa.

Da Gama hakushuka pwani. Aliogopa. Alichokitaka kikubwa kilikuwa rubani wa kumvusha mpaka India, na mfalme akampa. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, upepo wa kusi ukiwasukuma, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut. Chini ya mwezi mmoja. Rubani aliyeijua njia hiyo aliijua kwa sababu watu wa bahari hii walikuwa wakiipita karne nyingi kabla ya Mreno kuzaliwa. Mkisikia kwamba da Gama "aligundua" njia ya kwenda India, wakumbusheni wasemao kwamba kutoka Malindi alipelekwa.

Kurudi ndiko kulikomfundisha. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, na mtoto wa nahodha yeyote wa Malindi angemwambia asubiri. Safari ya siku ishirini na kitu ikachukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake walishikwa na kiseyeye, maradhi ya kukosa matunda na mboga, ufizi ukavimba mpaka ukafunika meno, na watu thelathini hivi wakafa njiani. Januari 1499 waliobaki wakafika tena Malindi, wengi wao hawawezi hata kupanda mlingoti. Wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa, na mfalme akawapelekea.

Ni hapo da Gama alipoomba mambo mawili mengine. La kwanza, pembe ya ndovu ampelekee mfalme wake. La pili, aruhusiwe kusimamisha nguzo juu ya ardhi ya Malindi, iwe alama ya urafiki. Mfalme alikubali yote mawili, tena akamtoa kijana mmoja wa mji aliyetamani kuiona Ureno aende nao.

Alama ya urafiki. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na huenda mfalme wa Malindi aliipokea hivyo kwa moyo wake wote. Lakini Wareno walikuwa na desturi ya nguzo tangu miaka ya 1480. Manahodha wao walizipakia merikebuni zikiwa zimechongwa tayari kwao, zina msalaba na nembo ya mfalme wao, wakazisimamisha kila mahali walipofika. Diogo Cão alisimamisha yake kwenye mlango wa Mto Kongo, Bartolomeu Dias akasimamisha yake kule kusini mwa Afrika. Kwa Mreno mwenzao, nguzo hiyo ilisomeka: tumefika hapa, mwingine yeyote wa Ulaya ajue hapa pana mwenyewe. Nguzo moja, maneno mawili. Mwenyeji alisoma udugu, mgeni aliandika madai.

Watu wa mji walikuwa wepesi kuliko mfalme wao kulihisi jambo hilo. Nguzo ilisimamishwa kwanza karibu na nyumba ya mfalme, lakini msalaba katikati ya mji wa Waislamu haukuwapendeza, ikaondolewa ikawekwa kando. Baadaye, katika karne ya 16, ikapata mahali pake pa sasa, mbali na nyumba za watu, kwenye jabali linaloingia baharini.

Mwaka 1505 Wareno walirudi pwani hii na jeshi, wakaipiga Kilwa, wakaichoma Mombasa. Malindi ilisalimika, maana ilikuwa rafiki. Mtu anaweza kusema basi mfalme alihesabu vizuri. Mimi siwezi kuisifu hesabu hiyo, kwa kuwa walioungua Mombasa walikuwa ndugu wa lugha moja na dini moja, na hata faida yenyewe haikudumu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamia huko, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamia nao. Biashara ikafuata. Malindi ikafifia, nyumba zikaporomoka, vichaka vikaingia mjini, na rafiki hakurudi kuuliza hali.

Mkienda kuitazama nguzo hiyo, msiitazame kwa mbali kama watalii wa haraka. Sogeeni. Mtaona sehemu mbili tofauti. Juu kabisa ni msalaba wa jiwe la Ureno, mdogo kuliko mlivyodhani, una nembo iliyochongwa na chumvi ya bahari imeanza kuila. Chini yake ni mwili mweupe, mpana chini, mwembamba juu. Huo mwili si wa da Gama. Uliongezwa baadaye kuushikilia msalaba usianguke, na ukakarabatiwa tena mwaka 1873 na mabaharia wa Kiingereza. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, kama ile nguzo ya kaburini kando ya Msikiti wa Jumaa. Jiwe la mgeni linashikiliwa na mawe ya Malindi, na chini ya yote mawimbi yanaendelea kulila jabali, ndiyo maana kuitunza rasi hiyo imekuwa kazi isiyokwisha.

Malindi ilipoanza kukaliwa upya, mwaka 1861, kwa amri ya Sultani Majid wa Unguja, waliokuja walikuwa watu wa kila namna: askari, wenye mashamba, na watumwa walioletwa kwa nguvu. Wengi hawakuwa na babu aliyezikwa hapa. Walizikuta nguzo zote mbili zimesimama, ile ya rasini na ile ya makaburini. Msikiti wao wa Ijumaa waliujenga pale penye kaburi la nguzo, na maiti wao wakawazika jirani na mtu ambaye hawakuwahi kumjua.